Chungu Kilichonisubiri Sanga

Ninyi wenzangu wa bombani, mlioniona nikishuka kutoka stesheni na chungu kichwani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Wa kwanza alisikia mwanzo, wa pili akasikia mwisho, wa tatu akaenda kutangaza mtaani kwamba nilizama ziwani nikafufuka. Sasa nimeketi kuandika yote, toka gari moshi mpaka jikoni kwa mama mkwe, na anayejua kusoma awasomee wengine ndoo zikijaa. Habari za tikiti na karatasi za ruhusa naziruka. Kila aliyesafiri katika Zaire hii anazijua, na sijaona mtu aliyezifurahia.

Kwanza samaki wa mwaka juzi

Mnajua kwamba mimi Ekila ni mtoto wa Base, kambi ya jeshi. Baba yangu ni askari kutoka Mbandaka, alihamishiwa hapa Kamina nikiwa bado mgongoni, na samaki niliokua nao ni wale wanaofika kwa gari moshi: wakavu, wa chumvi, wagumu kama soli ya kiatu cha baba. Kazi ya msichana ilikuwa kuwaloweka, kumwaga maji, kuwaloweka tena, kumwaga tena, kisha kuwachemsha mpaka walegee. Chumvi huongezi. Nani aongeze chumvi juu ya chumvi? Na kuonja hatukuonja kamwe. Mama alitufundisha kwamba msichana anayeonja sufuria kabla baba hajala ni mlafi na atakosa mume. Kwa hiyo nilipika kwa macho na kwa mazoea, na mstari wetu mzima wa nyumba za askari ulinisifu.

Mume sikumkosa. Niliolewa na Banza, mwalimu, Muluba wa Sanga kwenye ziwa Kisale. Mahari yalitolewa, tuliimba kanisani, tukala, tukacheza. Lakini kwa ukoo wa Banza hayo yote hayatoshi. Mke wa mtoto wao hajawa mke mpaka apike chungu chake cha kwanza katika jiko la mama mkwe: bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa, peke yake, mume akiwa mbali. Ukoo unaketi, mama mkwe anakula kwanza. Akila akashiba, chungu kinakuwa chako na unaondoka nacho.

Nilikwenda nikiwa na kiburi changu chote cha Base. Wakaniletea perege waliovuliwa asubuhi ile ile, bado wanapanua mashavu. Nikawapika kama ninavyojua. Niliwaloweka. Nikamwaga maji. Nikawaloweka tena. Nikawachemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa, na sikutia hata punje moja ya chumvi.

Mama mkwe alikata tonge, akachovya, akatia mdomoni, akakaa nalo. Hakutema. Alimeza, akanawa mikono, na wengine wote wakanawa kumfuata. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, sielewi. Wifi yangu Mwadi ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza kwamba kwao chakula kisicho na chumvi ni chakula cha matanga. Wafiwa ndio wanaokula hivyo, mpaka siku ya kuondoa kilio. Mimi niliwakalisha watu wazima, wenye afya zao, nikawalisha kilio.

Hakuna aliyenitukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mama mkwe alikiosha chungu mwenyewe, akakifudikiza nje, kando ya ukuta wa jiko, mahali ambapo kila anayekwenda ziwani anapita. Akasema, “Kitakungoja.” Maana yake niliijua. Mpaka nirudi kukiinua, mimi kwao si mke wa Banza. Ni mgeni anayelala nyumbani kwa mtoto wao. Na mjomba mmoja alikwisha kuanza kutaja jina la msichana wa ziwani.

Nilirudi Kamina nikasema uongo kwamba mambo yalikwenda vizuri; ndiyo maana hamkujua. Mwaka mzima nilikuwa na hasira. Niliwakasirikia watu wa ziwa, wanajivuna kana kwamba wao ndio waliomuumba samaki. Nikamkasirikia mama. Nikamkasirikia Banza, ambaye kosa lake lilikuwa kuzaliwa Sanga. Mwisho nikaamua kurudi, na ili pasiwe na mtu wa kusema tena kwamba Ekila hana chumvi, nikabeba mfuko mzima. Nilikusudia kuutua mbele ya mama mkwe uanguke kwa kishindo.

Kutoka Kamina: behewa, kuku na majani marefu

Gari moshi liliondoka Kamina likiwa limechelewa, jambo ambalo halimshangazi mtu. Nilikaa na mfuko katikati ya magoti. Mbele yangu alikaa bwana mmoja wa Kasai, mfanyabiashara, amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, na kuku ndani ya kikapu miguuni pake. Alinisalimu kwa heshima, akautazama mfuko, akatazama dirishani, akautazama mfuko tena.

“Mama, unatoka wapi?”

“Base.”

Mama aliyekuwa akinibana ubavuni akajisogeza mpaka nikapata nafasi ya kukaa kama bibi harusi. Bwana wa Kasai akavuta kikapu chake nyuma ya miguu taratibu, akidhani sioni. Mnajua watu wanavyowaogopa askari, na mtoto wa askari naye huogopwa kidogo. Nilicheka nikamwambia, “Baba, usiogope. Kuku yako ikae pale pale. Minyi niko naenda kwa bamukwe.”

Naye akacheka, kwa aibu. “Njo nauliza, mama. Mu ile mufuko muko nini?”

“Munyu.”

“Munyu yote ile? Unaenda kuuzisha?”

“Hapana. Naenda kupika.”

Alifikiri sana. “Utapikia bantu ngapi?”

Behewa zima likaangua kicheko, na toka hapo tukawa ndugu. Ikawa bahati, kwa sababu gari moshi lilisimama kwenye stesheni moja ndogo kichakani, kichwa chake kikafunguliwa kikaenda kuvuta gari jingine lililokwama mbele, na sisi tukaachwa na mabehewa kama watoto walioachwa na mama sokoni. Ilikuwa Jumamosi. Mkubwa wa mahali pale alipoona watu wengi hivyo wameketi bila kazi, alifurahi kupita kiasi.

“Bacitoyens bote bashuke,” akasema. “Leo iko siku ya salongo. Majani inatungoja.”

Basi, kwa kuwa salongo ni kazi ya lazima ya umma, abiria wa gari moshi tukafyeka majani ya stesheni isiyo yetu. Yule bwana wa Kasai alivua viatu lakini abacost hakuivua, akafyeka na panga la kuazima, jasho likimtiririka, na kuku wake akilia ndani ya behewa. Nilifyeka kando yake. Nilikuwa nimeanza kununa, nikisema moyoni kwamba hata njia inanikataa, lakini tulipomaliza wanawake wa pale walituletea mahindi ya kuchoma na karanga, tukala tukiwa tumekaa juu ya majani tuliyoyakata wenyewe, na sikumbuki mahindi matamu zaidi ya yale. Kichwa cha gari moshi kilirudi kesho yake asubuhi. Stesheni ilikuwa safi.

Bukama: kungoja boti lijae

Bukama ni mji wa mto na samaki, na harufu yake inakufikia kabla hujauona. Pale gatini kulikuwa na boti la mbao lenye mashine, la bwana aitwaye Numbi, mnene, mpole, na mgumu kama mwamba.

“Tunaenda saa ngapi, baba?” nikamuuliza.

“Boti haitembeake bule, mama. Bantu bajale kwanza.”

Watu hawakuwa na haraka ya kujaa. Nililala Bukama, nikaamka Bukama, nikala bukari na dagaa wa Bukama kwa mama mmoja wa gatini, boti likaongezeka mbuzi mmoja na baiskeli mbili. Wakati huo habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mwanamke mwenye mfuko wa chumvi. Sikujua kwamba huko chini, kwenye vijiji vya mto na ziwa, chumvi ilikuwa imeadimika msimu ule. Wachuuzi walinijia mmoja baada ya mwingine, na kila nilipokataa kuuza walidhani najipandisha. Mmoja aliniambia mbele ya watu wote kwamba watu wa Base siku zote wanaficha vitu. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wanaosomewa wana watoto karibu.

Nikaukalia mfuko wangu kama kuku juu ya mayai. Kadiri walivyoutaka ndivyo nilivyouona kuwa mkubwa zaidi, na nilimwona mama mkwe akishika kichwa kwa mikono miwili. Hatimaye Numbi aliwasha mashine. Tulikuwa tumejaa hata maji yakakaribia ukingo wa boti.

Katoto: mashine inakufa, mfuko unafunguka

Hatujasafiri sana kuteremka mto, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Tukasukumwa na maji mpaka Katoto, wanaume wakatumia miti na makasia kututia ufukoni. Numbi alifungua mashine, akatazama ndani, akaifunga kwa upole kama anayefunika maiti. Alisema kuna chuma kilichokatika na kingine kinatoka Bukama. Tukachukua vikapu vyetu tukapanda kijijini.

Aliyenipokea anaitwa Mama Kabange, mjane, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Hakuniuliza natoka wapi. Alinipa maji ya kuoga na mahali pa kulaza mkeka, na mimi nikaulaza mfuko wangu kando yangu.

Nyuma ya nyumba yake nikaona kilichoniumiza moyo. Siku ile samaki walikuwa wameingia kwenye nyavu kupita kawaida, wamerundikwa juu ya majani, perege juu ya perege. Wanawake walikuwa wakipasua na kupanga juu ya vichanja vya moshi, lakini vichanja vilikuwa vimejaa, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na chumvi ya kuwatia waliobaki haikuwapo. Nzi walikwisha kufika. Mama Kabange na wenzake waliendelea kupasua tu. Hawakujua kwamba nina chumvi. Walidhani ni unga.

Nilirudi ndani nikaukalia mfuko. Nawaambieni kweli, niligombana na nafsi yangu. Ule mfuko ulikuwa jibu langu. Ningefikaje Sanga mikono mitupu, mimi niliyewanyima chumvi mara ya kwanza? Lakini harufu ya samaki wanaoanza kuharibika iliingia mpaka ndani, na samaki kavu ndiye aliyenilea mimi. Kila samaki niliyekula Base alipita mikononi mwa mwanamke kama hawa. Nikauburuta mfuko mpaka nje, nikakata uzi.

“Mama Kabange, hii haiko bunga. Iko munyu.”

Alichovya kidole, akalamba, akaita jirani zake kwa ile sauti yake. Tulifanya kazi mpaka jua likashuka, tukisugua chumvi, tukipanga, tukiimba, mikono ikiwasha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na jioni ile mimi ndiye niliyekuwa mgeni mwenyewe. Mfuko ulipokaribia kuisha, nilimwachia Mama Kabange bakuli moja la jikoni, na kilichobaki nilikifunga kwenye pembe ya kitenge changu, fundo la ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Wakanichagulia perege wazuri, wakaniambia nipike mimi, niwe mwenyeji wao. Nikakumbuka Sanga, nikakumbuka lile tonge lililokaa mdomoni. Safari hii, nikasema, hakuna atakayekosa chumvi. Nikaichota bakulini kwa kiganja, nikatia. Nikaongeza kiganja. Chungu kilipokuwa kikichemka woga ukanishika tena, nikaongeza kingine.

Mama Kabange alikula tonge la kwanza. Macho yakamtoka. Akanywa maji, akapitisha kata kwa jirani, jirani akanywa, wakaagiza mtungi.

“Mama,” akaniuliza taratibu, “weye unapika samaki, ao unaikausha?”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua, na nilipoanza kusema sikunyamaza: chungu kilichofudikizwa, mama mkwe, mjomba na msichana wake, mfuko wa kishindo, yote. Ilikuwa mara ya kwanza kutamka kwa kinywa changu neno “nilishindwa”. Walisikiliza wakiendelea kunywa maji.

“Ulionjaka?” akauliza Mama Kabange nilipomaliza.

“Nani?”

“Weye.”

“Hapana, mama. Kwetu mutoto mwanamuke haonjake. Iko mulafi.”

“Mara ya kwanza haukuonja, na leo haukuonja.” Akachukua kijiko, akachota mchuzi wangu, akaniletea mdomoni kama mtoto mgonjwa. “Onja, basi. Weye moja njo haujakula kintu ya mukono yako.”

Nikaonja. Ilikuwa kama kumeza bahari, na hata bahari sijawahi kuiona. Nikacheka huku machozi hayajakauka. Mwaka mzima nilidhani kilichonishinda ni chumvi, kumbe nilikuwa nimepika kwa kufumba mdomo, nikiwaachia wengine kazi ya kujua nilichopika.

Chuma cha Numbi kilichelewa, na ucheleweshaji huo naushukuru mpaka leo. Kila siku nilipika. Nilionja maji yakianza kuchemka, nikaonja yakipungua, nikagundua kwamba chumvi inapanda kadiri mchuzi unavyoshuka, na kwamba perege mbichi hataki kuchemshwa kama kiatu. Siku moja nilipika vibaya tena, vitunguu viliungua, lakini nilikuwa wa kwanza kusema. Siku ya mwisho Mama Kabange alikula bila kuomba maji. Alisema tu, “Njo vile,” na nikaona Numbi anaondoka mapema mno.

Sanga: kambale

Kutoka hapo mto unapanuka, mafunjo yanakusanyika pande zote, na visiwa vya majani vinaelea vikikatiza njia. Mara mbili wanaume walishuka kuvisukuma. Halafu ziwa likafunguka. Tulifika Sanga jua likiwa juu, na nilikiona chungu changu kabla sijamwona mtu.

Kilikuwa pale pale kando ya ukuta, kimefudikizwa, mvua zimekipaka udongo, na kuku mmoja amelala juu yake ametulia kana kwamba amekinunua. Mwadi alinikimbilia akanikumbatia. Mama mkwe alitoka jikoni, nikapiga magoti nikapiga makofi ya salamu, naye akaitikia.

“Njo weye.”

“Njo minyi, mama.”

“Mizigo iko wapi?”

Sikuwa na mfuko wala kishindo. Nikamwonyesha fundo kwenye pembe ya kitenge, nikamwambia chumvi nyingine yote iko kwenye samaki wa Katoto. Alilitazama fundo lile, akarudi jikoni. Kwenda kumwondoa kuku juu ya chungu nilikwenda mwenyewe, nikakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikalia vizuri nilipokigonga.

Kesho yake ukoo ukaketi. Mjomba alikuja mapema akachagua kivuli kizuri. Nikasubiri perege, perege wangu niliowasomea Katoto, na Mwadi akaja akivuta kambale mmoja mkubwa, mweusi, mwenye ndevu, anayeng'aa kama buti la baba siku ya gwaride.

Kambale mbichi sikuwahi kumpika maishani. Nilimjua aliyekauka tu, aliyekunjwa mkia mdomoni. Nyuma yangu nilisikia watu wakikaa vizuri juu ya mikeka, na kwa kitambo mikono ilitaka kurudi ilikokuzwa: kuloweka, kumwaga, kuchemsha, kunyamaza. Hapo nikafanya kitu ambacho binti wa Base wa mwaka juzi asingekifanya hata kwa kupigwa. Niliweka kisu chini, nikaenda mpaka alipoketi mama mkwe, nikapiga magoti.

“Mama, kambale mubichi sijapikaka. Huku banaipendaka na munyu namna gani, kidogo ao mingi?”

Minong'ono ikapita mikekani. Mama mkwe akanitazama usoni.

“Ile mwaka haukuulizaka.”

“Ile mwaka nilikuwa najua, mama.”

Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka; ana pengo mbele na kicheko cha msichana. Akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa. “Kambale iko na mafuta,” akasema. “Anza na kidogo. Mingine, mudomo yako itakuambia.”

Basi nikapika. Nilimkwangua utelezi kwa majivu, maana utelezi hauhitaji kufundishwa, unajionea mwenyewe. Nikakata vipande, kichwa nikakiacha kizima. Mawese, kitunguu, nyanya. Nikafungua fundo nikatia kidogo. Nikaonja mbele ya ukoo mzima, kijiko kikubwa, na nikasikia mjomba akisema, “Anaonja,” na Mwadi akamjibu, “Kumbe apike kipofu?” Nikaongeza. Nikaonja. Nikasubiri mchuzi ushuke, nikaonja tena, na mara hiyo ya mwisho sikuhitaji mtu aniambie. Nilijua, na kujua kule kulikuwa kwa namna nyingine kabisa.

Mama mkwe alikata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Nilitazama koo lake. Akameza. Mkono ukashuka, na mimi nikasubiri uende kwenye bakuli la kunawia. Ulikwenda kwenye bukari. Akakata tonge la pili kubwa kuliko la kwanza, akachagua kipande cha tumbo chenye mafuta, na huku bado anatafuna akasema, “Na bengine bakule. Banangoja nini?”

Kichwa alipewa baba mkwe, mzee wa maneno machache, akakinyonya mfupa kwa mfupa mpaka kikabaki cheupe, akasema kwamba samaki huyu alikufa vizuri. Mjomba alikomba mchuzi kwa kidole. Mtu akamuuliza kwa utani, je, yule msichana wa ziwani? Akalamba kidole kwanza. “Ataolewa kwingine,” akasema.

Hapo wanawake wakapiga vigelegele na mimi nikapiga vya kwangu, maana niliona si haki waniachie kukaa kimya kwenye furaha yangu. Nilicheza. Nilicheza Kiluba vibaya na Kimongo, cha kwetu Mbandaka, vizuri, Mwadi akanifuata, mama mkwe akanifuata, na pengo lake likionekana wazi. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi. Siku ya harusi nilipewa, siku hii nilichukua mwenyewe.

Tulipotulia, mama mkwe alikiosha chungu kwa mikono yake, kama alivyokiosha mara ile. Nikamfuata kwa macho kuelekea ukutani. Hakwenda ukutani. Alikileta mpaka kwangu, mdomo wake ukiangalia juu.

“Beba. Jiko yako iko Kamina,” akasema. “Na ukizaa, mutoto aje ajue huku kwao.”

Kurudi

Kurudi ni kupanda mto, na mashine ya Numbi ilipanda kwa manung'uniko. Nilikaa na chungu mapajani, kimefungwa kwenye kitenge, ile pembe ya fundo sasa tupu. Tulipokaribia Katoto sikuwa na haja ya kuita. Nilikiinua tu juu ya kichwa, na Mama Kabange, aliyekuwa ufukoni akifua, akapaza ile sauti yake hadi kijiji kizima kikatoka. Walinirushia samaki mkavu aliyefungwa kwa majani. Ana chumvi yangu ndani yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi niliyekuwa nimemsahau ni mimi. Haya ndiyo niliyoyawaza ndani ya gari moshi, ambalo, kwa ajabu, halikusimama kichakani. Tulipita stesheni yetu ndogo na majani yalikuwa yameanza kuota tena.

Banza alikuwa amesimama stesheni ya Kamina, amevaa nguo za shule, chaki kwenye mfuko wa shati. Alikiona chungu, akavua kofia, akanipokea mzigo mwingine wote akaniachia hicho nikibebe mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani ndipo mliponiona.

Basi, mlioniuliza, njooni Jumapili baada ya ibada. Kuna samaki wa Katoto, na chungu kimekaa juu ya mafiga, mdomo juu. Najua mtakaa mkitazamana nani aanze, hasa yule aliyesema nilizama. Msiogope. Nimeonja.